Fedha za Mauzo ya Kadi Zimezuiliwa: Kutambua Chanzo na Kuzidai kwa Mchakataji wa Malipo

Mfanyabiashara anayeona mauzo yake ya kadi yameidhinishwa ilhali fedha hazifiki benki huandika ujumbe wake wa kwanza akiwa na hasira, na karibu kila mara huuliza swali ambalo mhudumu hawezi kulijibu: fedha zangu ziko wapi? Swali lenye jibu ni hili: zuio hili linaitwaje katika mkataba wetu, na limewekwa chini ya kifungu kipi? Mchakataji wa malipo, yaani kampuni inayopitisha mauzo yako ya kadi na kukutumia fedha zake, ana njia kadhaa za kushika fedha, na kila njia ina masharti yake, muda wake na idara yake. Anayelalamikia akiba ya dhamana (sehemu ya mauzo inayoshikwa kama kinga) kwa wahudumu wa uhamisho wa benki atajibiwa kwa adabu kwa wiki tatu bila kupiga hatua hata moja.

Inafaa pia kuielewa hofu ya upande wa pili. Mwenye kadi anaweza kwenda kwenye benki iliyompa kadi na kuukana muamala, au kudai kwamba bidhaa haikufika. Hatua hiyo ndiyo itakayoitwa pingamizi katika mwongozo huu. Kwa madai mengi, kanuni za Visa na Mastercard zinampa siku 120, na kwa bidhaa au huduma inayotolewa baadaye siku hizo huweza kuanza kuhesabiwa tangu tarehe ya ahadi, mradi zisivuke siku 540 tangu muamala wenyewe. Pingamizi likikubaliwa, hasara ni ya mfanyabiashara. Naye akiwa hana kitu au ametoweka, hasara humwangukia mchakataji na benki inayomdhamini. Ukiacha hitilafu za kiufundi na amri za kisheria, mazuio mengi yanazaliwa na hesabu hiyo, na barua inayoijibu hofu hiyo hufanya kazi kuliko barua inayotukana.

Dalili ya kwanza: mauzo yanaonekana, lakini hakuna malipo yaliyotumwa

Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni ratiba. Malipo mengi hutumwa baada ya siku moja hadi tatu za kazi, na mwisho wa juma pamoja na sikukuu za benki hazihesabiwi. Kwa akaunti mpya, malipo ya kwanza huweza kucheleweshwa kwa wiki moja au mbili kwa makusudi, na jambo hilo huwa limeandikwa katika masharti yaliyokubaliwa kwa kubofya tu bila kusomwa.

Chanzo cha pili kiko mikononi mwa mfanyabiashara mwenyewe. Kwenye mashine ya kadi, mauzo ya siku yanapaswa kufungwa na kutumwa. Mashine isiyowekewa kufunga yenyewe huendelea kushika miamala iliyoidhinishwa lakini haijawasilishwa. Kwenye duka la mtandaoni, mfumo huweza kuwa umepangwa kuomba idhini tu, ukingoja mtu akamilishe makato kwa mkono. Idhini haidumu, baada ya siku chache, mara nyingi takribani wiki moja, huisha nguvu na fedha hurudi kuwa huru kwa mwenye kadi. Kwa hiyo angalia kwanza iwapo muamala una hali ya kuidhinishwa au ya kukamilika, kwa kuwa haya ni mambo mawili tofauti. Wako pia wanaogundua baada ya siku kadhaa kwamba mfumo ulikuwa bado kwenye hali ya majaribio, na kwamba hakuna senti iliyowahi kukatwa.

Chanzo kisicho cha mara kwa mara ni taarifa za utambulisho ambazo hazijakamilika: kitambulisho cha mmiliki, cheti cha usajili, au jina la mnufaika halisi wa kampuni, yaani mtu anayeimiliki au kuidhibiti kweli. Ombi la nyaraka hizo mara nyingi limelala katika barua pepe iliyosajiliwa na mfanyakazi aliyekwisha kuondoka. Fungua dashibodi ya akaunti, soma kila tangazo, kisha pekua folda ya barua taka kabla ya kupiga simu.

Dalili ya pili: malipo yanaonyesha yametumwa, lakini benki haina kitu

Hapa mzozo wa kweli haupo mara nyingi. Tarakimu moja ya akaunti ya benki imekosewa, akaunti imefungwa, au jina la akaunti halilingani na jina la biashara lililosajiliwa kwa mchakataji. Omba namba ya rejea ya uhamisho na uipeleke benki. Uhamisho uliokataliwa kwa kawaida hurudi kwa mchakataji baada ya siku chache, kisha malipo husitishwa hadi taarifa zirekebishwe.

Ikiwa namba ya akaunti iliyo kwenye dashibodi si yako na hukumbuki kuibadilisha, acha kila kitu kingine. Hiyo ni dalili kwamba mtu ameingia kwenye akaunti yako. Badilisha nywila, mpigie mchakataji kwa namba iliyo kwenye mkataba wala si iliyo kwenye barua pepe ya karibuni, omba malipo yote yasitishwe, kisha ripoti kwa benki na polisi siku hiyo hiyo.

Dalili ya tatu: fedha zinafika, lakini pungufu

Ada ndiyo sababu ya kwanza. Baadhi ya wachakataji hukata ada kwenye kila malipo, wengine hukusanya ada za mwezi mzima na kuzikata kwa mkupuo mmoja, na mabadiliko kutoka mpango mmoja kwenda mwingine huonekana kama wizi kwa asiyeyatarajia. Linganisha taarifa ya malipo na orodha ya miamala ya tarehe zile zile, siyo tarehe ambazo fedha zilifika.

Sababu ya pili ni pingamizi. Fedha za muamala unaopingwa hukatwa mara moja, pamoja na ada ya pingamizi, hata kabla mfanyabiashara hajajieleza. Sababu ya tatu ni marejesho yaliyofanywa siku ambayo mauzo yalikuwa madogo, hivyo salio likawa hasi na mauzo ya siku zilizofuata yakatumika kulifidia.

Sababu nadra ni watu wa nje. Mkopeshaji anayelipwa kwa kukatiwa asilimia ya mauzo ya kadi anaweza kuwa amemwandikia mchakataji akidai haki yake, au mahakama au mamlaka ya kodi imetoa amri. Marekani, jina la biashara na namba ya mlipakodi visipolingana na kumbukumbu za mamlaka ya kodi, mchakataji huweza kulazimika kukata 24% ya mauzo na kuipeleka serikalini; fedha hiyo ikishapelekwa, hudaiwa kwa njia ya marejesho ya kodi, na mchakataji huwa hana tena cha kurudisha. Penye amri ya mahakama au madai ya mkopeshaji, kubishana na mchakataji ni kupoteza muda, kwa kuwa yeye anatii tu. Mtafute wakili.

Kuhusu pingamizi lenyewe, kuna kosa moja linalorudiwa sana: mfanyabiashara akiona mteja amelalamika benki, humrudishia fedha kwa huruma au kwa kutaka yaishe. Pingamizi likishafunguliwa, fedha tayari zimekatwa. Ukirejesha tena kwa mkono wako, umelipa mara mbili, na kuipata ile ya pili ni kazi ngumu. Ukikubali kosa, likubali ndani ya mfumo wa pingamizi. Usipokubali, jibu ndani ya muda uliotajwa kwenye notisi. Mitandao ya kadi hutoa wiki kadhaa, lakini wachakataji wengi huupunguza muda huo hadi kati ya siku 7 na 20 hivi ili wapate nafasi ya kuwasilisha, na anayechelewa kwa siku moja huhesabiwa ameshindwa.

Jibu zuri hulenga msimbo wa sababu uliotajwa, yaani namba inayoonyesha aina ya dai. Kwa Visa, 13.1 maana yake ni kwamba bidhaa au huduma haikupokelewa, hivyo kinachohitajika ni uthibitisho wa kufikisha wenye tarehe na anwani. Kutuma ukurasa mrefu wa sera ya marejesho hakusaidii. 10.4 ni madai ya ulaghai katika ununuzi ambao kadi haikuwepo mkononi mwa muuzaji. Tangu Aprili 2023, Visa inakubali dhidi ya dai hilo ushahidi wa miamala miwili ya awali ya kadi ile ile isiyopingwa, yenye umri wa kati ya siku 120 na 365, iwapo angalau vielelezo viwili vinalingana na muamala unaobishaniwa, na kimojawapo kiwe anwani ya intaneti au utambulisho wa kifaa. Mwenye wateja wa kudumu na kumbukumbu nzuri ana silaha hapa. Asiyehifadhi kumbukumbu hana. Uthibitishaji wa 3-D Secure, ambapo benki humthibitisha mwenye kadi wakati wa kununua mtandaoni, nao huhamishia hasara ya ulaghai kwa benki iliyotoa kadi, lakini haumkingi muuzaji dhidi ya mteja anayesema bidhaa haikufika.

Dalili ya nne: malipo yote yamesimamishwa kwa ajili ya ukaguzi

Neno ukaguzi linaficha mengi, lakini mara nyingi kilichotokea ni kwamba mauzo yameacha kufanana na maelezo yaliyotolewa wakati wa kufungua akaunti. Katika fomu ya maombi mfanyabiashara alitaja wastani wa muamala, mauzo ya mwezi, aina ya bidhaa, na sehemu ya mauzo ambayo kadi haitakuwepo. Muamala mmoja mkubwa mara kumi kuliko wastani, au mwezi mmoja wa mauzo yaliyoruka ghafla, hutosha kuusimamisha mfumo bila binadamu yeyote kuamua. Inaudhi kwamba mafanikio ndiyo yanayoadhibiwa, ila ukikumbuka zile siku 120 utaona mantiki yake.

Kinachofuata kwa wingi ni mauzo ya oda za mbele, ambapo fedha inapokelewa leo na bidhaa inatoka baada ya miezi. Kisha ongezeko la marejesho na mapingamizi. Kisha aina ya biashara iliyobadilika bila taarifa, hivyo msimbo wa tarakimu nne unaoitambulisha biashara hauelezi tena kinachouzwa. Nadra zaidi, lakini mbaya zaidi, ni kupitisha kwenye mashine mauzo ya biashara ya mtu mwingine, hata rafiki, au kupitisha kadi yako mwenyewe ili kupata fedha taslimu. Haya mawili yanakatazwa na kanuni za mitandao, na hayatetewi kwa kusema hukujua.

Angalia kwanza ni muamala upi au ni tarehe ipi zuio lilipoanza, halafu tuma kwa pamoja, katika ujumbe mmoja, ankara ya muamala huo, mawasiliano na mnunuzi, uthibitisho wa kufikisha, ankara ya msambazaji inayoonyesha bidhaa ulikuwa nayo, na taarifa za benki za miezi mitatu ya karibuni. Nyaraka zinazotumwa moja moja hurudisha faili nyuma kwenye foleni. Eleza kwa sentensi mbili tatu kilichobadilika katika biashara na iwapo kitaendelea. Kisha uliza mambo matatu kwa maandishi: kifungu cha mkataba, kiasi kamili kilichoshikwa, na tarehe ya uamuzi. Simu inaruhusiwa, lakini kila baada ya simu andika barua pepe inayorejea kilichosemwa na jina la kwanza la aliyekisema.

Wakati ukaguzi unaendelea, usigawe mauzo makubwa kuwa vipande vidogo ili yapite, usifungue akaunti nyingine kwa jina la ndugu, wala usibadilishe hata herufi moja ya nyaraka. Kila mojawapo hugeuza zuio la wiki mbili kuwa tuhuma. Kama bado unatuma bidhaa zilizolipiwa kwa fedha ambazo hujazipata, amua mapema utaendelea hadi kiasi gani. Ukiacha kutuma, wateja watafungua mapingamizi na hofu ya mchakataji itathibitika. Kwa maoni yangu, ni afadhali kupunguza oda mpya na kutimiza za zamani.

Dalili ya tano: sehemu ya kila malipo inashikwa

Hii ni akiba ya dhamana, na si adhabu hata kama inauma. Aina inayozunguka ndiyo ya kawaida: asilimia fulani ya kila malipo, mara nyingi kati ya 5 na 10, hushikwa kwa muda, mara nyingi siku 180, kisha huachiliwa kwa mpangilio ule ule ilivyoshikwa. Anayeuza 10,000 kwa mwezi huku akikatwa 10% atakuwa ameacha 6,000 baada ya miezi sita, na kuanzia mwezi wa saba kinachoachiliwa hulingana na kinachoshikwa. Wengi hudhani wakati huo kwamba hakuna kinachorudi, kwa sababu salio la akiba halipungui. Aina ya pili ina kikomo: makato huendelea hadi kiasi fulani kifikiwe. Aina ya tatu hudaiwa mwanzoni.

Kabla ya kupinga, hakikisha unajua ni aina ipi, na chora jedwali la kilichoshikwa kila mwezi na tarehe yake ya kuachiliwa. Makosa ya hesabu upande wa mchakataji yapo, na huonekana tu kwa aliye na jedwali. Akiba yenyewe hujadiliwa, lakini huondolewa kwa ushahidi na si kwa maombi: muda mfupi zaidi kati ya kulipwa na kutuma bidhaa, miezi kadhaa ya mapingamizi machache, na taarifa za fedha zinazoonyesha biashara haiko ukingoni. Jambo dogo linalosaidia kupita kiasi ni jina linaloonekana kwenye taarifa ya kadi ya mteja. Likiwa ni jina la kampuni mama ambalo mteja hajawahi kulisikia, atalikana kwa nia njema kabisa. Lirekebishe lifanane na jina la duka.

Dalili ya sita: akaunti imefungwa na salio lote limeshikwa

Notisi za aina hii huwa fupi na mara nyingi zinasema fedha zitashikwa kwa siku 90 au 180. Sababu ya kwanza kwa wingi ni bidhaa au huduma isiyokubaliwa na mchakataji huyo, hata kama ni halali kisheria. Ya pili ni kiwango cha mapingamizi. Ya tatu ni taarifa za maombi zilizoonekana si kweli. Ya mwisho ni tuhuma za ulaghai au utakatishaji wa fedha.

Siku hiyo hiyo pakua kila kitu ambacho dashibodi bado inakuruhusu kukiona: miamala, malipo, mapingamizi, marejesho, na toleo la mkataba lililokuwepo. Ufikiaji huo huweza kukatwa bila onyo. Usiifunge akaunti ya benki iliyounganishwa ili kumzuia mchakataji asikate chochote. Wamiliki wengi wa biashara ndogo walitia saini dhamana binafsi, na deni likikosa benki ya kampuni hufuata mali ya mtu.

Kisha andika barua moja rasmi. Barua ndefu ya kurasa nane yenye hisia haisomwi. Iliyo bora ina ukurasa mmoja na viambatisho. Itaje kiasi kilichoshikwa, kiasi cha miamala ambayo bado iko ndani ya muda wa pingamizi, na kiasi ambacho muda wake umekwisha. Hapo ndipo penye hoja: ikiwa mauzo yako yote yalikuwa ya bidhaa zilizokwisha kupokelewa, na mapingamizi yote pamoja ni sehemu ndogo ya salio, omba tofauti hiyo iachiliwe sasa na iliyobaki ingoje, au iachiliwe kwa awamu. Ombi la sehemu hukubaliwa mara nyingi zaidi kuliko ombi la yote.

Simama hapa na utafute wakili kabla ya kuandika neno lolote iwapo notisi inataja utakatishaji, uchunguzi wa jinai au dhamana binafsi, au iwapo kiasi kilichoshikwa kinakuzuia kulipa mishahara au kodi. Maneno utakayoyaandika kwa haraka yatasomwa baadaye na mtu asiyekutakia mema.

Dalili ya saba: muda uliotajwa umepita na fedha hazijaachiliwa

Mara nyingi sababu ni ya kipuuzi: akaunti ya benki iliyosajiliwa imefungwa katika miezi hiyo sita, au uthibitisho wa utambulisho umepitwa na wakati, na kwa kuwa akaunti ilifungwa hakuna aliyetuma taarifa. Sasisha na uombe tarehe ya malipo. Sababu nyingine ni kwamba hesabu ya siku 180 huanza katika tarehe ya kufungwa akaunti au ya muamala wa mwisho, na si ya notisi ya kwanza. Inayobaki ni makato ya mapingamizi, ada na faini. Dai orodha yake, muamala kwa muamala.

Ikiwa hakuna orodha wala fedha, soma kifungu cha migogoro. Mikataba mingi ya Marekani hulazimisha usuluhishi lakini huacha mlango wa mahakama ya madai madogo, ambayo kwa kiasi cha wastani huwa nafuu na ya haraka. Uingereza, biashara ndogo inaweza kulipeleka lalamiko kwa Financial Ombudsman Service, chombo kinachoamua malalamiko ya huduma za fedha, ndani ya miezi 6 tangu jibu la mwisho la mchakataji. Kwingineko, benki kuu au mdhibiti wa mifumo ya malipo ndiye wa kuandikiwa. Visa na Mastercard hazina dawati la kumlipa mfanyabiashara. Mkataba wako ni na mchakataji na benki yake, na jina la benki hiyo, lililo katika maandishi madogo ya mkataba, linastahili nakala ya barua yako. Uliza wakili kuhusu ukomo wa muda wa kufungua shauri kabla miezi haijaliwa na barua pepe za kusubiri.

Katika kipindi hiki hujitokeza pia watu wanaojitangaza kuwa hukomboa fedha zilizozuiliwa kwa ada ya kutangulizwa. Hawana njia yoyote ambayo mfanyabiashara hana. Yeyote anayedai malipo ya mbele na nywila ya akaunti ni mwizi wa pili.

Dalili ya nane: kila mchakataji mpya anakataa maombi

Kukataliwa mara moja kunaweza kutokana na aina ya biashara. Kukataliwa na watatu mfululizo, bila maelezo, kunaashiria kwamba jina la biashara au la mmiliki limeingizwa katika MATCH, orodha ya Mastercard ya wafanyabiashara waliovunjiwa mikataba, ambako jina hukaa miaka 5. Mchakataji aliyekufungia ndiye wa kuulizwa, kwa maandishi, iwapo aliliingiza na kwa msimbo upi wa sababu. Mastercard yenyewe haiondoi jina kwa ombi la mfanyabiashara. Aliyeliingiza ndiye anayeweza kuliondoa, iwapo liliingizwa kimakosa, au iwapo sababu ilikuwa kutotimiza viwango vya usalama wa data za kadi na sasa vimetimizwa. Barua ya kuomba kuondolewa iandikwe na wakili anayezijua kanuni za kadi, na ieleze kosa la ukweli, kwa mfano kwamba mapingamizi ya mwezi uliotajwa hayakufika kiwango kinachodaiwa, ikiambatanishwa na takwimu za mwezi huo ulizopakua siku akaunti ilipofungwa.